Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo, Kaunti ya Lamu: Tumwite kijana anayemswaga punda

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaikum. Mimi ni fundi cherehani hapa Langoni. Kabla ya kushika mkasi nilishika fimbo: nikiwa darasa la sita nilikuwa nikiswaga punda wa mjomba, tukitoa mchanga majahazini na kuuingiza kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Nikizungumza juu ya punda, basi, sizungumzi kama mtu aliyewaona kwenye picha za watalii.

Juma lililopita palikuwa na punda ukingoni mwa bahari, amesimama na shogi, ile mifuko ya kubebea mzigo, mgongoni, kichwa chini. Sisi watu wazima tukapita. Kijana anayemswaga, hata miaka 14 sidhani kama ametimiza, alimtazama kitambo, akamlazia sikio ubavuni, akasema, "Huyu tumbo lamsokota. Tangu asubuhi hajanya." Akamvua mzigo, akamkokota mpaka hospitali ya punda. Alipofika mlangoni akampa mtu kamba, yeye akabaki nje. Nikamuuliza mbona haingii. "Nitaulizwa hivi vidonda vya mgongoni vimetoka wapi."

Jibu lile ndilo lililonikalisha niandike. Hospitali ile ya shirika la The Donkey Sanctuary iko nasi tangu 1987 na inatibu bila malipo. Kila tukisema vijana wasaidie wanyama, fikra zetu huenda kwa wanafunzi wa vilabu vya shule: wapake ukuta rangi, washike bango, wapigwe picha. Si vibaya. Lakini anayejua punda yupi anachechemea, yupi ameacha kula, yupi kafungwa kamba ya nailoni mpaka ikamwingia nyamani, ni yule kijana wa fimbo. Ndiye pia anayempiga, sikatai. Tukimwacha nje kwa sababu hiyo, hatutakuwa tumempunguzia punda hata kiboko kimoja.

Ombi langu ni kwamba likizo ya Aprili ofisi yako izungumze na hospitali ile, wapokelewe vijana kumi wa huku pwani ya mji, asubuhi tatu kwa juma. Kazi hazikosi. Kumshika punda kichwa daktari anapochoma sindano, kufagia zizi, kuchota maji, kuwapanga punda siku ya dawa ya minyoo. Kuosha kidonda kwa maji safi yenye chumvi, badala ya kukipaka oili chafu kama tulivyokuwa tukifanya sisi na kujiona madaktari. Kabla hawajaanza wapigwe sindano ya pepopunda. Jina lenyewe la ugonjwa lamtaja punda, na vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi. Na ya nyuma wasiulizwe. Najua sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, Sura ya 360, na kumbebesha mnyama kupita kiasi ni kosa. Lakini mwenye kuamua ipakiwe mifuko mingapi ya saruji ni tajiri, si mtoto.

Hapa niruhusu niseme kama fundi. Vidonda vingi vya mgongo ninavyoviona huanzia kwenye tandiko. Ama halipo, shogi imelala juu ya mfupa, ama ni gunia la plastiki linaloteleza na kuchubua kila punda akitoka jasho. Tandiko jema ni la pamba, pana kuliko shogi, limejazwa sufi pande mbili, na katikati limeachwa kama mfereji ili uti wa mgongo usiguswe. Kanga mbili kuukuu zatosha. Wasichana wanaojifunza cherehani kwangu hulimaliza kabla ya adhuhuri, na mabaki ya vitambaa wakayasokota kamba laini ya kichwani. Msichana asiyependa kusogelea mateke, huo ndio msaada wake.

Wapo pia wale vijana wanaopanda punda kwenye mbio za Maulidi. Watoto wa hapa wanawajua kwa majina kuliko wachezaji wa Ulaya. Mmoja wao akisimama uwanjani Mkunguni akaonyesha anavyomtunza punda wake, atasikilizwa kuliko mimi na, samahani Mheshimiwa, kuliko wewe.

Najua kuna watakaokwambia bodaboda zimeingia, punda anaondoka. Waje wanionyeshe bodaboda ikiingiza mawe ya kujengea ndani ya vichochoro vya Mkomani. Februari 2024 Umoja wa Afrika, kule Addis Ababa, ulikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na sababu moja ni kwamba mnyama huyu hazaliani upesi: mimba yake ni takriban miezi 12, na kwa kawaida mtoto ni mmoja. Sisi hapa hatuchinji, lakini tukimpoteza mmoja kwa tumbo lililojaa plastiki za jaani, pengo lake ni lile lile.

Matandiko 20 ya kwanza nitayashona mimi na wanafunzi wangu, bila malipo. Sufi ninayo, kanga kuukuu nitaziomba mtaani. Yule kijana nimeshazungumza naye. Ameniuliza mara mbili kama kweli hataulizwa juu ya vidonda. Nasubiri neno lako nimjibu.

Wako,
Fundi cherehani, Langoni