Malalamiko kuhusu makabati ya MDF mliyoniwekea Migosi

Kwa Meneja,
Kampuni ya Fanicha,
Kisumu.

KUH: VUMBI NA HARUFU YA MAKABATI YA MDF

Naandika kuhusu makabati ya jikoni na kabati la nguo katika chumba cha watoto, yote ya MDF, yaani bodi za nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, kazi ambayo mafundi wenu walimaliza mwezi uliopita. Kwa mbele hayana kasoro. Taabu iko nyuma na chini.

Dukani niliahidiwa kuwa bodi zingekuja zimekatwa tayari. Mafundi walipofika, walizilaza kwenye sakafu ya chumba cha watoto na kuanza kuzipasua kwa msumeno wa umeme, bila mashine ya kuvuta vumbi. Mmoja alijifunga leso puani, wengine hawakuwa na chochote. Vumbi la MDF haliangukii miguuni ukalifagia. Nyuzi zake zilishasagwa kiwandani, kwa hiyo zikikatwa hutoka laini kama unga na kuelea hewani, na hadi leo tunalipangusa kwenye fremu za madirisha na kulikung'uta kutoka neti za watoto. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Sisemi alasiri moja ya vumbi itatuua. Lakini yule kijana wenu anayekata bodi kila siku bila barakoa, mmemfikiria?

Kisha kuna harufu. Inawasha macho, hasa asubuhi tukifungua chumba kilichofungwa usiku kucha. Muuzaji wenu aliniambia kwa simu, "Mama, hiyo ni harufu ya mbao mpya, itaisha tu." Mbao haina kosa. MDF nyingi hushikanishwa kwa gundi ya yurea-formaldehidi, na gundi hiyo hutoa gesi ya formaldehidi polepole, kwa miezi na hata miaka, na huzidi penye joto na unyevu. Hapa Kisumu, ziwa likiwa mlangoni, hatujawahi kukosa hata kimoja. Gesi hiyo nayo iliingizwa katika kundi lilelile la kwanza mwaka 2004, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya ndani, kwa wastani wa nusu saa. Mtoto wangu mmoja ana pumu. Sasa wote wanalala sebuleni.

Kilichonikasirisha zaidi nilikiona nilipochomoa droo na kumulika kwa simu. Kingo za mbele zote zimebandikwa ukanda mweupe, nadhifu kabisa. Za nyuma, za chini ya sinki na za matundu ya mabomba zimeachwa mbichi, rangi ya kahawia, na moja karibu na bomba imenyonya maji ikavimba. Ukingo usiozibwa hutoa gesi nyingi kuliko uso uliofunikwa kwa melamini, ule utando mgumu wa plastiki. Maana yake mliziba anapoangalia mgeni, mkaacha wazi upande wanaolala watoto.

Nataka hati ya bodi mlizotumia, inayoonyesha daraja lake la utoaji wa formaldehidi, iwe E1 (la utoaji mdogo) au jingine. Nataka kingo zote na matundu yazibwe, bodi iliyovimba ibadilishwe, na ukataji wowote ufanyike karakana kwenu. Kama hati hiyo haipo, liondoeni kabati la watoto na mnirudishie pesa zake zote.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari za bidhaa na kulindwa afya yake. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya kwa KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, pamoja na risiti na picha nilizoambatisha.

Jumamosi niko nyumbani. Fundi apige simu kabla ya kuja, na asije na msumeno.

Mteja wenu,
Migosi, Kisumu.