Kuomba nyongeza mwezi wa nne sio utovu wa shukrani

Mhariri,

Pole na majukumu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongelee jambo ambalo huku mtaani na maofisini linasemwa upande mmoja tu, eti kijana wa siku hizi akipata kazi leo kesho anataka aongezwe mshahara, hana subira, hana shukrani, na wakati wenzake kibao bado wanazunguka juani na bahasha. Mi ni mmoja wa hao walioomba mapema. Niliomba mwezi wa 4 tangu niajiriwe, na mpaka leo naamini nilikuwa na haki ya kuomba, ila mara ya kwanza niliomba vibaya na hilo nitalisema pia.

Niliajiriwa kwenye kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi hapa Dar. Barua ya ajira inasema mtunza stoo, yaani kupokea mzigo, kujaza bin kadi (kadi ya kuandika mzigo ulioingia na uliotoka), kutoa mzigo kwa delivari noti, basi. Tukakubaliana laki 6. Sasa kwenye usaili ukitajiwa laki 6 unaanza kuigawa kichwani palepale, kodi ya chumba, nauli, ya mama kijijini, wala huulizi kama ni kabla ya makato au baada. Mwisho wa mwezi nikapewa slipu: NSSF 60,000, kodi ya TRA 24,000, bodi ya mikopo ya wanafunzi asilimia 15 ambayo ni 90,000, mkononi inabaki 426,000. Ile karatasi niliishika kwenye daladala toka Tazara mpaka Mbagala, naikunja naikunjua, kila nikijumlisha jibu ni lilelile.

Hapo ndo wengi wetu tunapoteleza. Ukishaiona slipu ya kwanza moyo unakutuma uende kwa bosi ukalie. Lakini makato yale hakuyatunga bosi, na laki 6 niliitikia mwenyewe kwa mdomo wangu na nikasaini. Nikameza, nikapanga upya matumizi, maisha yakaendelea.

Kilichokuja kubadilisha mambo ni mwezi wa 3. Dada aliyekuwa anashika kitabu cha mafuta na kufuatilia madereva aliacha kazi, na jioni ileile bosi akaja stoo mkononi ana kaunta buku moja kubwa, kona zimeshalika, ndani kuna harufu ya dizeli kabisa, na simu ya ofisi juu yake. Akaniambia shikilia hivi wiki 2 tu, tunatafuta mtu. Magari 7. Nikawa naingia saa 12 na nusu asubuhi niandike kilomita kabla dreva wa kwanza hajatoka, na jioni siwezi kufunga mpaka gari la mwisho lirudi, kuna siku linatoka Bagamoyo linafika saa 2 usiku mi nimekaa juu ya mifuko ya simenti nalisubiri. Wiki 2 zikawa 5. Mtu hatafutwi. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Mwezi wa 4 nikaingia ofisini kwake. Nikaanza na maisha kupanda, nauli, sukari, mama anaumwa, yaani nilimwaga kila kitu isipokuwa kile chenyewe kilichonipeleka. Akanisikiliza vizuri tu halafu akasema, "mdogo wangu, hata majaribio hujamaliza." Nikatoka. Kesho yake mzee mmoja wa pale kazini akaniita pembeni, akaniambia mwanangu vumilia, miezi 6 ya kwanza usijitokezeshe.

Na yule mzee hakuwa anabahatisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkinga mfanyakazi asiachishwe bila sababu ya haki, ila kinga hiyo haimfiki ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Waajiri wanalijua hilo kuliko sisi. Kwahiyo mnapomuona mgeni kazini ametulia anabeba kila anachopewa msidhani ameridhika, anahesabu siku.

Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 15, inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi kazi yake ni ipi, anafanyia wapi, saa ngapi na analipwaje, na kimojawapo kikibadilika mwajiri anatakiwa ashauriane naye, yale maelezo yarekebishwe na ajulishwe kwa maandishi. Haijasema mpaka umalize mwaka. Imesema kikibadilika, hata kama ni mwezi wa 2. Na masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, yakizidi yanalipwa mara moja na nusu. Mi haya nilikuja kuyasoma baada ya kurudishwa na lile neno la majaribio, nikajiona kumbe nilikuwa sielewi hata naomba nini. Sikuwa naomba nyongeza kwa kazi niliyoikubali, ile niliikubali kwa laki 6 na sina neno nayo. Nilikuwa naulizia malipo ya kazi ya pili. Ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya, waajiri wanavichanganya na sisi tunaoomba ndo tunavichanganya zaidi.

Niliporudi mara ya pili sikumtaja mama wala sukari. Nilibeba ile kaunta buku na karatasi moja, upande huu nilichoajiriwa nacho, upande ule ninachofanya sasa, muda wa kuingia na kutoka kila siku kwa wiki 4. Na nikamuonesha kurasa za gari moja ambalo lilikuwa linakunywa dizeli kupita yale mengine kwa safari zilezile, nililisema wiki ya pili tu baada ya kushika kitabu, likapelekwa gereji ikaonekana bomba linavuja. Alizipekua zile kurasa muda mrefu. Akasema bajeti haina kitu saa hizi, na nadhani alikuwa mkweli. Nikamwambia sawa bosi, basi naomba tuandike, kazi ni hizi 2 na tarehe ya kukaa kuongelea malipo ni hii. Nusu ukurasa tu, akasaini. Tarehe ilipofika akataka tusogeze mbele, nikamtolea nakala yangu. Nikaongezwa 120,000, na kitabu cha mafuta kikaingia kwenye barua yangu ya kazi.

Ninachowaomba waajiri kupitia gazeti lenu ni hiki tu, acheni "shikilia wiki 2" za mdomo. Kama hela hakuna semeni hakuna, lakini andikeni kazi iliyoongezeka na siku ya kuirudia, hiyo haigharimu kitu. Na maafisa kazi watembelee na hivi vistoo vyetu vya watu 10 au 15, wawaeleze watu hicho kifungu cha 15 kwa Kiswahili cha kawaida.

Naandika hivi kwa sababu wiki iliyopita tumeletewa kijana mpya wa kupakia mizigo. Ana siku 9 tu na jana nimemkuta ameshapewa funguo za geti la nyuma na daftari la walinzi, ameambiwa ni kwa muda. Nimempa kalamu, nikamwambia andika tarehe ya leo.

Mtunza stoo,
Mbagala, Dar es Salaam