Msisingizie sindano ya insulini

Mhariri,

Juzi baada ya magharibi hapa barazani kwetu Mji wa Kale mzee mmoja mwenye kisukari alitwambia daktari kamwambia aanze insulini, ile sindano ya kushusha sukari, basi hapo kila mtu akawa bingwa. Huyu anasema usikubali, jirani yangu alidungwa mwaka mmoja akapofuka, yule naye ati sindano ndio mwisho wa mtu, baada yake ni kukatwa mguu. Mzee wa watu akainuka hata kahawa hakumaliza. Mimi naandika manake maneno haya nayajua, ndio yale yale yaliyomponza mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa kofia za mkono, zile za vitobo zinazokula miezi. Sukari ilijulikana akiwa na miaka 48. Vidonge alimeza akijisikia, uwatu na juisi ya karela kila asubuhi, na alipotajiwa insulini akakataa kata kata miaka tisa. Kliniki aliyokuwa akienda, siitaji, walikuwa wanamtoboa kidole, wanaandika kwenye kadi, haya nenda. Na yeye mjanja, siku mbili kabla ya kliniki hagusi mahamri wala chai ya sukari, anatoka na 7 anachekelea. Sasa kidole kinakwambia sukari ya saa ile tu bana. Kuna testi inaitwa HbA1c, hiyo inaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu kwa sababu sukari inagandana na chembe nyekundu za damu, na chembe moja huishi siku kama 120, kwa hivyo huidanganyi kwa kujinyima siku mbili. Alipopimwa hiyo kwengine akatokea na asilimia 12, juu sana.

Tukisikia mishipa sisi tunafikiria ile mikubwa, moyo, presha, stroki. Kumbe kuna midogo sana, myembamba kushinda unywele, iko nyuma ya jicho, iko kwenye figo, na mengine ndio inalisha neva za miguu. Seli za huko haziwezi kujifungia mlango, damu ikijaa sukari na zenyewe zinajaa. Pole pole mshipa unalegea unaanza kuvuja, mwengine unaziba kabisa, na jicho likikosa damu linaotesha mishipa mipya dhaifu ambayo inapasuka. Na mwanzo jicho haliumi hata kidogo! Mjomba alianza kuona kitu kama uzi mweusi unaelea, akadhani ni uzi wa kofia, akawa anaupangusa kwa kiganja.

Hii hadithi ya sindano kupofusha nadhani imetoka hapo, mtu anaanzishwa insulini kachelewa, mishipa ishaliwa miaka kumi, jicho likizima lawama inapewa dawa ya jana. Na nisidanganye, chembe ya ukweli imo. Ule utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoka 1993, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini yake, baadhi ya wale waliobana sukari sawasawa kwa insulini macho yalizidi kidogo mwanzo mwanzo. Lakini miaka ilivyosonga, wale walioanza na macho mazima hatari ya kuharibika ilishuka kwa asilimia 76. Kwa aina ya pili, kama yake mjomba, utafiti wa Uingereza wa 1998 ulikuta kuibana sukari kwa insulini au vidonge kunapunguza madhara ya mishipa midogo kama robo hivi. Basi macho yapimwe kabla ya kuanza na sukari ishushwe chini ya jicho la daktari, sio kuikimbia sindano.

Halafu watu wanasema insulini kama sumu ya kuletwa na meli, na kongosho lako linaitengeneza kila siku! Tena kwa hii aina ya pili, miaka kabla sukari haijapanda mwili unakuwa umekuwa kiziwi kwa insulini, kongosho linapiga kelele zaidi, linamwaga nyingi kuliko kawaida. Na insulini kwa kawaida ndio inayoiambia mishipa midogo ifunguke damu ipite, mwili ukiwa kiziwi na hilo nalo linapungua. Saa zingine dalili iko shingoni, ngozi inakuwa nyeusi nene kama mahameli. Mpwa wangu alisuguliwa shingo na dodoki na ndimu mpaka akalia, wanasema uchafu, maskini mtoto wa watu.

Ninachotaka kwa kliniki zetu ni kitu kidogo, pamoja na kidole mtu aangaliwe retina, yaani kule nyuma ya jicho, kila mwaka, mkojo upimwe proteni, avue viatu miguu iguswe. Kwa mjomba hakuna aliyemwambia avue viatu miaka yote ile.

Sindano aliikubali jicho la kulia lishakwenda. La kushoto lilipigwa leza na limesimama pale pale, mwaka wa nne huu. Kofia hashoni tena, ila kujidunga anajidunga mwenyewe, leo tumbo upande huu kesho ule, na stima ikipotea chupa zake tunazitia ndani ya chungu cha udongo chenye maji kwa hili joto letu. Yule mzee wa baraza kesho baada ya alasiri nitamfuata nimpeleke kwa mjomba, wakae wazungumze wenyewe.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa