Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Ushirika wa Makazi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Kamati ilikaa vikao vinne, hesabu zilikaguliwa, tulifiwa na wenzetu wawili na rambirambi zikatolewa kama katiba yetu inavyotaka. Hayo mnayajua.

Nataka kulisemea suala la ardhi, maana maneno yamekuwa mengi, na mengine yanasemwa misibani badala ya mkutanoni. Mnauliza kwa nini kamati iliacha ekari 20 za bondeni, upande wa Mto Ruvu, kwa milioni 3 kila ekari, ikanunua mwinukoni Kibaha kwa milioni 5. Tofauti ni shilingi milioni 40, na ni kweli ni hela zenu.

Bondeni mlipelekwa Agosti. Palikuwa pakavu, tambarare kama uwanja wa mpira, kila mtu akaanza kujichagulia kiwanja. Mimi nilirudi mara tatu kwa nauli yangu mwenyewe, mara ya mwisho masika. Mwembe ulioko mpakani una alama ya tope la mafuriko kwenye shina. Nilisimama pembeni yake, ikanifika kifuani. Jirani alikuwa akichimba shimo la choo. Hakufika futi tano, maji yakaanza kumjaa miguuni. Mwenye choo cha hivyo anakunywa kinyesi chake kisimani. Na udongo wenyewe ni mfinyanzi mweusi: kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, masika unavimba, na msingi wa nyumba unakwenda nao.

Kuna sheria pia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kipande kikubwa cha eneo lile kingemezwa na mita hizo. Tungelipa, hati tusipate.

Na sisi ni watu wa Jangwani na Kigogo, ndugu zangu. Desemba 2011 maji ya Mto Msimbazi yalitukuta ndani. Dar es Salaam ilizika watu zaidi ya 40. Sikubali kuwa mwenyekiti aliyewatoa watu bonde moja akawapeleka bonde jingine.

Mnaosema Kibaha ni mbali, nawaelewa. Waathirika wa mwaka ule walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu riziki yao ilibaki mjini. Ndiyo maana tulikataa eneo la tatu tuliloonyeshwa, lenye udongo mzuri kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa ndani mno, mbali na barabara. Hili letu ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu hadi Barabara ya Morogoro, niliutembea mwenyewe. Kabla ya kulipa, majirani wa pande zote nne walisaini mipaka mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ili tusije kuuziwa shamba lenye mwenyewe.

Anayesema hakushirikishwa aangalie daftari la mahudhurio. Tangazo lilitoka siku 21 kabla. Tuko wanachama 180. Siku ya kura walikuja 63, na 51 walikubali mwinuko. Waliobaki nyumbani ndio wanaonipigia simu usiku.

Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Wanachama 97 wanadaiwa zaidi ya miezi sita, jumla milioni 9 na ushee. Upimaji unahitaji milioni 12, kwenye akaunti zipo milioni 4. Ardhi ipo, bikoni, yaani alama za mipaka zinazowekwa na wapimaji, hazipo, na vibarua wa watu wengine wameshaanza kulima mihogo pembezoni. Hili linaniumiza.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia mchoro wa mipango miji upitishwe, mitaro na eneo la shule vitengwe kabla mtu hajaweka tofali. Maji ya bomba tunafuatilia, na matumaini yapo.

Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti