Shukrani kwa kaka wa Mwanjelwa

Kaka uliyekaa nami kaunta pale Mwanjelwa Jumamosi usiku, asante sana. Chupa ya bia ya Trooper uliibeba mwenyewe kutoka Uingereza, ukanigawia nusu kwa sababu tu nilivaa fulana ya bendi ya Iron Maiden! Bia hiyo ilitoka 2013, na Bruce Dickinson, mwimbaji wao, alishiriki kuibuni na kiwanda cha Robinsons cha Stockport. Ukamzuia mhudumu asiitie kwenye friji, ukasema baridi ya Mbeya inatosha. Kweli kabisa: kimea kilinukia kama mkate uliobabuka kidogo, halafu uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, ukaja taratibu, na ndimu kwa mbali. Kilevi asilimia 4.7 tu. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukifika, karibu Iringa kaka, bili juu yangu.