Mtoto aliyevamiwa na nyuki asirudishwe nyumbani mapema

Mhariri,

Mtoto akiumwa na nyuki hapa Nairobi, mara nyingi hupewa Piriton, dawa ya mwasho, akalale. Kwa mwiba mmoja uliovimbisha mkono, pengine yatosha. Lakini zipo hatari mbili ambazo Piriton haizizuii.

Ya kwanza huja kwa dakika. Mwenye mzio huweza kuzidiwa kwa mwiba mmoja tu: vipele mwili mzima, ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kutapika, kulegea. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 hudungwa miligramu 0.15, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Piriton hutuliza mwasho. Haifungui koo wala haipandishi presha.

Ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haihitaji mzio na haina haraka. Nyuki wetu hushambulia kwa kundi, na miba 60 kwa mtoto wa kilo 12 si sawa na miba 60 kwa baba yake. Sumu hupasua seli za damu na za misuli, na mabaki yake huumiza figo. Jioni mtoto anacheza. Kesho yake mkojo una rangi ya chai ya mkandaa, kisha unapungua. Potasiamu, madini yaliyomo ndani ya seli, ikipanda kwenye damu, moyo huweza kusimama. Kwa hiyo mtoto mwenye miba 50 au zaidi alazwe angalau saa 24 hata akionekana mzima, apimwe figo, potasiamu na mkojo, na apimwe tena. Maji ya mshipani yaanze mapema. Figo zikishafeli, kinachobaki ni kusafishwa damu kwa mashine.

Kabla ya hospitali, aingizwe ndani kwanza, kisha miba ing'olewe upesi. Kubishana kama ni kukwangua au kubana ni kupoteza muda: kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka, na sumu nyingi huingia katika sekunde 20 za mwanzo.

Kaunti nayo ihakikishe kila zahanati ina adrenalini kwenye chumba cha matibabu, si stoo iliyofungwa, na jedwali la dozi kwa kilo libandikwe ukutani.

Mhudumu wa afya ya watoto,
Nairobi