Risala ya wazazi wa chekechea kwa mgeni rasmi, Likoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwakilishi wadi wetu, mwalimu mkuu na walimu, mzee wa mtaa, wazazi wenzangu na nyinyi watoto mliovaa majoho leo, asalaam aleykum, hamjambo nyote.

Twashukuru kwa kuja. Wazazi wamenichagua mimi nisome na nimekubali kwa sababu hili jambo la watoto wadogo wanaoumia moyoni na kukosa wa kuwasaidia limenipata mwenyewe nyumbani kwangu.

Mwaka juzi mume wangu alitoka kwenda kuvua na hakurudi. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu na nusu, ashaanza kusema vizuri, kitandani ashaacha kukojoa, basi yote yakarudi nyuma. Nikimleta hapa shule anakaa mlangoni na mkoba mgongoni, hautoi, hata uji anakunywa nao, ukiugusa tu analia mpaka anatapika. Mwalimu wake alikuwa akikaa naye pale pale sakafuni, Mungu amlipe, lakini ana darasa zima na hakuna aliyemfunza la kufanya. Jamaa wengine wakasema ni jini, tukamsomea, kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, akanywa, wengine wakasema atasahau, mtoto mdogo ajua nini. Ajua mheshimiwa, ni vile hana maneno ya kusema.

Kliniki akapimwa uzani na urefu, kijitabu kikatazamwa, chanjo zote amemaliza, nikaambiwa yuko sawa. Nilipoeleza anavyoamka usiku akipiga mayowe nikaambiwa niende hospitali kubwa ng'ambo ya kivuko. Ferry kwa miguu ni bure lakini matatu si bure, siku hiyo mahamri sikuuza, na kufika nakuta foleni ya watu wazima watupu, aliyenipokea akaniambia kwa upole hana mafunzo ya watoto wadogo hivi. Nikarudi naye amelala begani, na mkoba wake.

Aliyetusaidia ni mama mmoja mshauri aliyekuwa akija kwa hisani yake tu. Hakumuuliza maswali, alikuwa akicheza naye vigari kwenye mkeka, na mimi akanifunza kumwambia ukweli kuhusu babake kwa maneno ya kitoto, nisimfiche. Ilichukua miezi, mpaka siku moja mkoba akauweka chini mwenyewe. Lakini yule mama amehamishwa kikazi, na hapa shuleni mtoto wangu hakuwa peke yake, kuna waliobomolewa nyumba, kuna wanaoona mama akipigwa kila wikendi. Hao nani atakaa nao mkekani?

Mheshimiwa, hatuombi hisani nyingine. Katiba ya 2010 imeipa kaunti afya na imeipa chekechea, vyote viwili viko mkononi mwenu. Na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamesema wazi kaunti itenge pesa za afya ya akili kwenye bajeti yake. Sisi twataka ndani ya hizo pesa watoto wa chini ya miaka sita wawe na fungu lao lenye jina lao, maana zikiachwa zote pamoja tu na afya kwa jumla, mtoto asiyeweza kujisemea ndiye wa kwanza kusahaulika.

Wala si majumba twaomba. Mshauri mmoja aliyesomea watoto wadogo aje zahanati yetu hata siku moja kwa wiki, apewe mkeka na vitu vya kuchezea, na nauli yake ilipwe na kaunti. Walimu wa chekechea na wahamasishaji wa afya ya jamii wafunzwe dalili, kwa sababu hao wahamasishaji washaingia majumbani mwetu tayari, wakimuona mtoto ameacha kusema au haachi nguo ya mamake wajue wamwelekeze wapi. Na pale kliniki anapopimwa uzani, mama aulizwe pia mtoto analala vipi. Hilo la kuuliza halina hata gharama.

Makadirio ya bajeti yanafikishwa kwenye bunge lenu kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa hivyo saa hizi bado kuna wakati. Nakala ya risala hii tumekuwekea kwenye bahasha pamoja na sahihi zetu. Tarehe ya kikao cha maoni ya wananchi ikijulikana tafadhali tuambie mapema, si siku moja kabla, tutakuja na watoto wetu.

Ni sisi wazazi wa chekechea.